Ulilenga Wapi?

Kengele ya baiskeli ililia mara moja tu kwenye njia ya kisimani. Elina alikuwa ameinama uani, ameshika ncha mbili za kanga iliyopita chini ya tumbo la mbwa, na akajifanya hajaisikia.

"Amekuja," alisema mama yake kutoka kivulini.

"Nani?"

"Huyo unayemngoja tangu umalize kufagia."

"Mimi simngoji mtu. Nangoja mabanzi yatolewe."

Mama Simeoni, kama alivyoitwa na watu wote wa Kinyangiri, aliendelea kupepeta uwele kwa utulivu ule uliokuwa ukimuudhi Elina kuliko maneno. Elina akalegeza kanga taratibu, mbwa akashuka akalala kwa ubavu, mguu wake wa nyuma wa kushoto umenyooka mbele yake kama kuni, umefungwa bendeji juu ya mabanzi ya mbao. Shingoni alivikwa kikapu kilichotobolewa kitako ili asiulambe. Aliisikia kengele naye. Mkia ukapiga vumbi.

"Hata wewe," Elina akamwambia. "Huna haya."

Mbwa huyo aliitwa Watasema. Jina alipewa na marehemu baba yake Elina, mzee Manase, wakati majirani walipokuwa wakimsumbua aoe mke wa pili. Mzee aliwasikiliza wote kwa adabu, akaenda zake, akarudi na mtoto wa mbwa kifuani, hajafumbua hata macho. Alimlea mwenyewe kwa maziwa. Mzee alipofariki, Watasema alibaki ndiye mlinzi wa mbuzi, na fisi wa upande ule walimjua.

Kisha ukaja mwaka wa kichaa cha mbwa. Kuanzia Issuna mpaka Kinyangiri watu waliumwa, na wengine walikufa vifo ambavyo waliovishuhudia hawakutaka kuvisimulia. Amri ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ikasomwa gulioni: mbwa wafungwe, atakayekutwa anazurura atapigwa risasi. Askari wa mifugo aliyeletwa upande wao alikuwa kijana wa Kinyaturu kutoka Unyambwa, jina lake Mughwai. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na watu walisema hajui kukosa shabaha. Alipopita mara ya kwanza, Simeoni, kaka yake Elina, alizika mbwa wake wawili wa kuwinda nyuma ya zizi.

Watasema alikuwa amefungwa. Lakini alfajiri moja fisi alinyemelea mbuzi, na mbwa akaitafuna kamba akatoka. Alimfukuza fisi mpaka bondeni, akawa anarudi zake nyumbani akihema, mate yanamchuruzika, Mughwai akamkuta njiani. Elina alitoka na ndoo kichwani akaiona bunduki ikiinuliwa. Aliita jina la mbwa kwa sauti iliyosikika mpaka kisimani. Risasi ikalia. Mguu ukapasuka juu ya goti. Elina akaitupa ndoo, akamlalia mbwa mwili mzima, na risasi ya pili haikulia.

Yaliyofuata yalisimuliwa na kila mwenye mdomo. Askari aliiweka bunduki chini, akavua shati lake la kaki, akafunga ule mguu, akampakia mbwa kwenye tenga nyuma ya baiskeli. Akaisukuma baiskeli mpaka kituo cha mifugo, na Elina nyuma yake akimtukana njia nzima kwa Kinyiramba. Bwana Mifugo, Mwingereza mzee mwenye miwani ya kamba, alisema kwamba tangu aanze kazi hajaletewa mbwa aliyepigwa risasi na askari wake mwenyewe. Alimlaza mbwa kwa dawa, akatoa vipande vya mfupa vilivyosagika, akaunga vilivyofaa, akashona. Walimtazama kwa muda uliotakiwa, kichaa hakikuonekana. Siku ya kumruhusu, yule mzee alimgeukia Mughwai.

"Mbao zikitolewa, goti lisipokunjwa na kunyooshwa kila siku, litakauka. Atauburuta huo mguu mpaka kufa. Wewe uliyemvunja ndiye utakayemfundisha kutembea."

Ndiyo maana alikuwa anakuja.

Mara ya kwanza Elina hakuitikia salamu yake. Mara ya pili aliitikia kwa sababu mama yake alikuwa akitazama. Alijifunza kila alichoonyeshwa: kukanda paja kwa samli ya vuguvugu, kumwinua mbwa kwa kanga akitaka kwenda haja, kumlaza upande wa afya asipate vidonda. Alijifunza kwa hasira, bila kumtazama usoni mwalimu wake, na akimwuliza jambo alimwuliza kama anamwuliza mwizi.

Aliyeharibu mambo alikuwa Felista, jirani yao. Siku moja alikuja kuomba moto akakaa mpaka moto ukazimika.

"Nyinyi hamwoni?" alisema Felista. "Kijana yule hakosi. Mbwa wote wa Simeoni aliwapiga kichwani, hawakulia hata. Kwa nini huyu tu apigwe mguu? Alimwona msichana ametoka na ndoo, akamhurumia. Alilenga mguu makusudi. Hakutaka kumliza."

Mama Simeoni aliipokea habari hiyo kama zawadi, akawa anaitoa kwa kila mgeni. Elina alisema ni upuuzi. Lakini aliondoka nayo akalala nayo, na siku zilivyopita alijikuta anamwitikia Mughwai kabla mama yake hajageuza shingo. Hasira haikwisha. Iliingiwa na kitu kingine ndani yake, na Elina hakujua kipi ni kipi.

Baiskeli ikaegemezwa kwenye ukuta wa zizi.

"Shikamoo, mama," alisema Mughwai.

"Marahaba, mwanangu. Umepita salama?"

"Salama, mama. Elina, habari za hapa?"

"Nzuri. Umechelewa."

"Nilikuwa mnadani."

"Mbwa hajui mambo ya mnada. Amekaa na kanga tumboni mpaka mikono imenifa ganzi."

Mughwai alitoa mfukoni mkasi uliofungwa kitambaa, akapiga magoti vumbini. "Leo tunatoa yote. Shika kichwa."

"Najua kushika kichwa."

"Akisikia maumivu anaweza kukuuma."

"Akiuma atakuuma wewe. Ana akili."

Mughwai akaanza kukata bendeji. Alikata polepole, kidole chake kimetangulia chini ya mkasi ili chuma kisiguse ngozi, na kila mara mbwa aliposhtuka aliusimamisha mkasi, akasubiri, akaendelea. Elina alikuwa amekipakata kile kichwa, ameinama, na nywele za kijana yule zilikuwa karibu na shavu lake. Zilinuka sabuni na jua. Alitamani asogee. Hakusogea.

Mbao zikatoka. Mguu ulikuwa mwembamba kama wa mbuzi mchanga, manyoya yameisha, mshono umepita kutoka pajani mpaka chini ya goti, mwekundu bado. Elina aliuona, chozi likamdondokea mbwa puani, mbwa akalilamba.

"Umepona vizuri," alisema Mughwai kwa sauti ya chini. "Mfupa umeshika. Weka mkono hapa. Unasikia?"

Akauchukua mkono wa Elina akauweka juu ya paja la mbwa. Chini ya ngozi palikuwa na kinundu kigumu, mfupa ulipojiunga. Vidole vya Mughwai vilibaki juu ya vyake muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Elina akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakuyakwepesha. Macho ya kijana yule yalikuwa na uchovu na woga, kama ya mtu aliyesimama mlangoni asijue kama ataambiwa pita.

"Mjomba wangu atakuja Jumapili," alisema. "Kutoka Unyambwa. Nimempa habari zako."

"Habari zangu zipi?"

"Kwamba una matusi mengi."

Elina aliuma mdomo ili asicheke. "Na yeye akasemaje?"

"Akasema basi una afya."

Hapo ndipo Simeoni alipoingia uani, jembe begani, miguu imejaa udongo. Aliiona baiskeli kwanza, halafu mikono ile miwili juu ya mbwa mmoja.

Mughwai alisimama haraka. "Habari za shamba, kaka?"

"Usiniite kaka." Simeoni alitua jembe. "Bendeji imetoka?"

"Imetoka."

"Basi kazi yako imekwisha. Chukua mkasi wako uende."

"Simeoni," alisema mama yake.

"Mama, nimenyamaza siku zote hizi kwa sababu ya huyu mbwa. Sasa amepona. Nimesikia gulioni kwamba kuna mjomba anakuja hapa Jumapili. Nimesikia gulioni, mama, si nyumbani kwangu. Mjomba huyo anakuja kusema nini? Atakaa wapi? Nimwekee kigoda nyuma ya zizi, pale nilipowazika wale?"

"Niliwaonya watu wote kabla ya kupita," alisema Mughwai. "Wale hawakuwa wamefungwa."

"Walikuwa wamelala mlangoni kwangu."

"Bila kamba."

"Unasikia, mama? Huyo ndiye mkwe unayemtaka. Watoto wangu walilia siku nzima, yeye anasema bila kamba."

Mama Simeoni aliweka ungo chini. Alisimama kwa tabu, akaja mpaka katikati yao. "Ya wale yalikuwa amri ya serikali. Lakini mtazame huyu hapa. Mtu huyu hakosi, wote tunajua. Angetaka kumuua, angemuua. Alilenga mguu kwa kumhurumia dada yako. Mwenye moyo wa namna hiyo namfukuzaje?"

"Hizo ni hadithi za Felista."

"Si hadithi."

"Basi aulizwe," alisema Simeoni. "Yupo hapa, ana mdomo. Elina, mwulize mwenyewe."

Elina alibaki amepiga magoti na kichwa cha mbwa mapajani. Hakuogopa. Aliona kwamba sasa jambo litasemwa mbele ya kaka yake na litakwisha, na Jumapili mjomba atapokewa kwa amani.

"Ulilenga wapi, Mughwai?" aliuliza, karibu kwa upole.

Mughwai alimtazama. Akamtazama mama, aliyekuwa anamtikisia kichwa kidogo kwa kukubali, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka. Akafunga kitambaa juu ya mkasi, akakifungua, akakifunga tena.

"Nililenga kichwa," alisema.

Mama Simeoni aliacha kutikisa kichwa.

"Sema tena," alisema Elina.

"Nililenga kichwa. Nilimwona anatokwa na mate, nikalenga kati ya macho. Ukaita. Sauti yako ilinishtua, mkono ukashuka. Nilikosa."

"Ulikosa."

"Ndiyo."

"Na kama ningechelewa kwenda kisimani?"

"Angekufa."

Elina alikitoa kichwa cha mbwa mapajani, akakiweka chini vizuri, akasimama. Damu ilimpanda masikioni mpaka hakusikia mama yake anasema nini. Alianza kwa Kiswahili, na Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kinyiramba, maneno ambayo hakuwahi kuyasema mbele ya mama yake. Kisha akarudi kwa Kiswahili ili aeleweke.

"Umekula hapa. Umekunywa maziwa ya mama yangu. Umemsikia akisimulia huruma yako kwa kila mgeni, wewe umekaa hapo kwenye kigoda unatazama chini kama mtu mwenye aibu ya wema. Ulijua anachosema ni uongo."

"Nilijua."

"Kwa nini hukumkatisha?"

"Nilitaka kuendelea kuja."

"Na leo kwa nini umesema?"

"Leo umeniuliza wewe."

"Ungekaa kimya."

"Jumapili mjomba anakuja," alisema Mughwai. "Sikutaka uolewe na yule wa hadithi."

Simeoni alicheka kwa pua. "Muuaji ana maneno matamu."

Hapo ndipo Mughwai naye alipobadilika. Sauti yake haikupanda, ila ilikuwa ngumu.

"Niite hivyo, nimezoea. Lakini nisikilize. Nilikuwa na mdogo wangu, Stumai. Aliumwa na mbwa wa nyumbani kwetu. Majirani walikuwa wamemwambia baba mapema, muue huyo mbwa, amebadilika, haturidhiki naye. Baba akasema hapana, huyu ni mbwa mzuri, amelinda ng'ombe wangu. Akamwacha. Stumai alipougua, mimi ndiye niliyemshika. Alitaka maji, akiyaona analia. Alinibwekea mimi, kaka yake, hanijui. Tulimfunga kitandani kwa kamba zile zile tulizokataa kumfunga mbwa." Akamtazama Watasema. "Tangu hapo sichagui. Wako walikuwa wazuri. Huyu ni mzuri. Wote walikuwa wazuri. Nalenga kichwa, na nikikutana na mwingine kesho anatokwa na mate njiani nitalenga kichwa."

Mama Simeoni alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Elina alisikia uchungu ule, aliusikia mpaka mifupani, na ndio ukazidi kumkasirisha. Alitaka kumchukia mtu huyu kwa ukamilifu, naye anamletea maiti ya mtoto katikati.

"Ondoka," alimwambia.

"Elina."

"Ondoka, Mughwai. Sitaki kukuona uani kwetu."

Mughwai aliinama kumpapasa Watasema sikioni, akaiendea baiskeli. Kabla ya kupanda aligeuka nusu. "Asubuhi na jioni, kwenye mchanga laini wa korongo. Sio hapa, hapa pagumu atateleza. Mmoja ashike kanga nyuma, mwingine amwongoze mbele. Asiruke. Ukikosa siku hizi za mwanzo goti litakauka."

"Nimesema ondoka."

Akaondoka.

Jioni ile Simeoni alikula vizuri. Alimsifu Elina kwa kumjibu askari kama alivyostahili, akaongeza mlenda, akasema Mungu amewaepusha. Kila aliposema hivyo Elina alilirudisha tonge bakulini.

"Usinisifu," alisema hatimaye. "Sikumfukuza kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya nani basi?"

Elina akamgeukia mama yake. "Na wewe, mama. Wewe na Felista. Mlinipa hadithi nikaila. Mimi nilikuwa na hasira yangu safi, mkaichafua."

"Nilidhani ni kweli, mwanangu."

"Hukudhani. Ulipenda iwe kweli."

"Na wewe je?" aliuliza Mama Simeoni. Elina akanyanyuka akaenda kuosha vyungu ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

Asubuhi alimbeba Watasema mpaka korongoni. Mto ulikuwa umekauka, mchanga umelala mweupe na baridi. Akampitisha kanga chini ya tumbo, akamwinua. Mbwa alisimama kwa miguu mitatu, ule wa nne ameuinua juu, akatazama njia ya kisimani.

"Haji," Elina alimwambia. "Tembea."

Hakutembea. Alimvuta, akakaa. Akamwinua, akakaa tena. Alijaribu kuukunja mguu kwa mkono kama alivyofundishwa, mbwa akanguruma, akamwonyesha meno yeye, aliyemlisha kwa vidole siku zote za ugonjwa. Elina akakaa mchangani karibu naye. Alikuwa na hasira na mbwa, na hasira na mguu, na zaidi ya yote na mtu ambaye mikono yake ilihitajika hapa.

"Hivyo unavyofanya hutafika." Simeoni alikuwa amesimama ukingoni. Alishuka, akachuchumaa mbele ya mbwa bila kumtazama dada yake. "Shika nyuma. Mimi nitamwita."

"Una shamba."

"Shika nyuma."

Wakaanza. Simeoni alirudi kinyumenyume akipiga ulimi kama alivyokuwa akiwaita mbwa wake wa kuwinda, na uso wake ulikuwa umekunjamana. Elina alijua anawakumbuka. Watasema aliruka hatua kwa miguu mitatu, akayumba. Elina akalegeza kanga kidogo. Mguu ule mwembamba ukashuka, makucha yakagusa mchanga, yakapanda haraka kana kwamba mchanga unaunguza, yakashuka tena. Safari hii yalikaa. Hatua moja. Nyingine. Akachechemea mpaka kwenye magoti ya Simeoni, akaanguka hapo, akihema, masikio yamesimama.

Simeoni alimshika kichwa, akamkuna masikio.

"Mimi ningedanganya," alisema.

"Nini?"

"Jana. Kama ningekuwa yeye. Mama mkwe anakutikisia kichwa, msichana amekuangalia vile, jibu limekwisha wekwa mdomoni. Kusema tu, ndiyo, nililenga mguu. Nani angejua?" Akafuta mchanga kwenye mshono kwa kidole gumba. "Nimelifikiri usiku kucha. Simpendi. Sitampenda mwaka huu. Lakini mimi ningedanganya, Elina."

"Wewe ndiye uliyetaka aulizwe."

"Nilitaka nimkamate. Sikumkamata."

"Kwa hiyo unasema nini?"

"Sisemi kitu. Mimi nitampeleka mbwa jioni." Akainuka, akambeba Watasema begani kama mwana-kondoo. "Ila akija huyo mjomba, sitacheka naye."

Elina alibaki korongoni. Alitaka kulia, kilio hakikuja. Alichokuwa nacho kilikuwa hasira ile ile, ila sasa ilikuwa imesafika, haina hadithi ya mtu ndani yake. Alikumbuka vile Mughwai alivyofunga na kufungua kitambaa cha mkasi. Mtu yule alikuwa amelitazama jibu tamu, akaliweka kando akijua huenda akampoteza na yeye. Tena aliikatisha ile hadithi mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.

Akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya mnadani.

Haikuwa siku ya mnada, lakini njia ilipita kisimani, na wanawake walikuwepo wakiteka maji, Felista akiwa kati yao. Walimwona binti wa marehemu Manase akipita mchana kweupe, peke yake, kichwa juu, kuelekea kibanda cha askari wa mifugo pale mnadani. Mmoja alimwita. Aliwaamkia kwa heshima, hakusimama.

Mughwai alikuwa nje, ameketi kwenye benchi ya mbao mlangoni. Baiskeli ilikuwa tayari imefungwa blanketi na sufuria. Alipomwona alitaka kusimama.

"Kaa," alisema Elina. "Unakwenda wapi?"

"Unyambwa. Nimwambie mjomba asije."

"Nani amekutuma umwambie hivyo?"

"Wewe. Jana."

"Jana nilisema sitaki kukuona uani kwetu. Sikusema lolote juu ya mjomba wako." Alikuwa anahema, jasho linamtoka, na sauti yake haikuwa na upole hata kidogo. "Watasema ametembea leo."

Uso wa Mughwai ulifunguka. "Ameukanyagia?"

"Ameukanyagia. Kwenye mchanga. Simeoni alimwita kutoka mbele. Usitabasamu. Sijakusamehe."

"Sikuomba unisamehe."

"Hilo nalo linaniudhi. Mtu mwingine angeomba."

"Nikiomba, nitakuwa nasema sitarudia. Nami nitarudia."

"Najua. Nimekusikia." Elina alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sasa nisikilize na mimi. Ulikaa kwetu siku zote zile ukamwacha mama adanganyike. Hilo lilikuwa kosa lako, sio la bunduki. Siku nyingine ukiona naamini jambo lisilo kweli kuhusu wewe, hata liwe zuri namna gani, hata liwe linakupa chakula, unaniambia siku hiyo hiyo. Hungoji kuulizwa."

"Nitakuambia."

"Na mama utamwomba radhi kwa maziwa yake."

"Nitamwomba."

"Simeoni atamtukana mjomba wako Jumapili. Mwambie mapema, avumilie."

"Anavumilia. Ni mtu mzima. Na wewe, Elina? Wewe utasemaje Jumapili?"

Alimtazama. Alitazama ile mikono iliyolenga kati ya macho, na iliyotangulia chini ya mkasi ili chuma kisiguse ngozi, na ilikuwa mikono ile ile, haikuwezekana kuchukua mmoja ukaacha mwingine. Njiani wanawake wa kisimani walikuwa wamesimama na ndoo zao, hawajifichi.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Nitakuwa nayo mpaka Jumapili. Pengine na baada yake."

"Basi itakuja na sisi."

Elina akapanga kanga begani.

"Sogea," alisema.

Mughwai akasogea mwisho wa benchi, na Elina akaketi.